Somo la Maarifa ya Nyumbani: Chombo Kimoja chenye Kazi Nyingi, Je, Chafaa Jikoni?

KWA MWALIMU WA DARASA

Kabla ya kipindi kuanza, tafadhali weka mezani mbele ya darasa vitu vinne: kisu, mwiko, sufuria na ungo. Kama yuko mwenye mbuzi ya kukunia nazi, au mwenye kisu cha kukunja, na alete. Andika ubaoni maneno haya: CHOMBO, KAZI, BEI, MPINI, BUTU. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Kisha fungulia redio.

SOMO

  

Leo twaingia jikoni. Akina baba, msiinuke. Somo hili lawahusu nanyi pia, kwa sababu pesa ya kununulia vyombo vya jikoni yatoka katika mfuko wa nyumba nzima, na mara nyingi ni ninyi mnaosimamishwa njiani na wachuuzi.

Swali letu ni hili. Siku hizi sokoni na madukani kuna vyombo vingi vinavyosifiwa kwamba kimoja chafanya kazi ya vitano, au ya saba, au ya kumi. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, je, chakufaa wewe nyumbani kwako? Nisikilizeni, kisha tufikiri pamoja.

Nitaanza na makosa yangu mwenyewe. Mwalimu asiyetaja makosa yake hafundishi vizuri.

Siku moja mama watoto alinituma sokoni nimnunulie kisu. Chetu kilikuwa kimekwisha kwa kunolewa mpaka kimebaki chembamba kama jani la mnazi. Akanipa pesa mkononi, akaniambia neno moja tu: kisu. Sokoni nikamkuta mchuuzi amezungukwa na watu. Ameshika chombo chenye mpini mwekundu wa plastiki. Upande mmoja akatoa kisu, upande wa pili kisu kidogo cha kumenyea, halafu bati lenye matundu la kukwangulia karoti, halafu kifungulio cha kopo, halafu kifungulio cha chupa. Mkononi alikuwa na tango. Akalimenya, akalikata, akalikwangua, watu wakashangilia. Nami nikashangilia pamoja nao. Nikalipa pesa yote niliyopewa, nikaongeza na nauli yangu, nikarudi nyumbani kwa miguu nikiwa na furaha.

Mama watoto alikitazama kile chombo, akaniuliza, “Baba, na kisu kiko wapi?” Nikamwonyesha. Akanyamaza.

Jioni ile ile alikata muhogo. Ndugu zangu, muhogo si tango. Kisu kile kilikuwa kimeshikwa na springi ndogo tu. Alipokaza mkono kikajikunja, kikamkata kidole. Tukafunga kitambaa. Baada ya wiki mbili walikuja wageni, nikataka kufungua kopo la nyanya. Nikakaza, na mpini wa plastiki ukapasuka katikati. Basi hapo nikaona jambo ambalo sikuliona sokoni. Kilichovunjika kilikuwa kifungulio cha kopo, lakini siku ile nilipoteza na kisu, na cha kumenyea, na cha kukwangulia. Vyote vilikuwa na mpini mmoja, na mpini ulikufa.

Wazee walisema: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nami kidonda nilikiona, juu ya kidole cha mtu mwingine.

(Mwalimu wa darasa: simamisha kidogo. Waulize wanafunzi: Nani amewahi kununua kitu cha namna hii? Kilidumu muda gani?)

Haya, tuendelee. Je, kwa kisa hiki tuseme kwamba kila chombo chenye kazi nyingi ni kibaya? La, hasha. Tazameni mezani pale mbele. Vyombo vile vinne mwalimu wenu alivyoviweka, vyote vina kazi nyingi, na vimetulisha tangu utotoni.

Tuchukue sufuria. Asubuhi yachemsha chai. Mchana yapika ugali, au wali, au maharagwe. Jioni yachemsha maji ya kuoga mtoto. Ukiifunika vizuri na kuweka makaa juu ya kifuniko na makaa kidogo chini, imekuwa tanuri. Ndivyo watu wa pwani wanavyooka mkate wa kumimina, na ndivyo wengi wetu tunavyokausha wali. Sufuria haina meno, haina springi, haina skrubu. Ni umbo moja tu: chombo cha chuma chepesi, chenye kina na ukingo. Umbo lile lile lafaa kwa kazi zote hizo.

Tuchukue ungo. Wapepeta mahindi yaliyokobolewa, pumba zikaruka na punje zikabaki. Wachagua mchele na kutoa mawe. Waanikia mboga juani. Ungo ni mmoja, umbo ni moja.

Tuchukue kisu cha kawaida chenye mpini wa mti. Chamenya, chakata, chapasua, chaparuza magamba ya samaki. Huko China mpishi hutumia kisu kimoja kipana karibu kwa kazi zote. Kwa makali hukata mboga na nyama. Kwa ubapa wake huponda kitunguu saumu. Kisha kwa ubapa huo huo huizoa mboga aliyokwisha kuikata na kuipeleka kikaangoni. Ila mifupa mikubwa hakati kwa kisu kile chembamba. Ana kingine kizito kwa kazi hiyo. Angalieni hekima yake: ameacha kisu kimoja kifanye mengi, lakini hakukilazimisha kufanya yote.

Sasa tuje kwenye kinu. Kinu chatwanga mahindi, chatwanga mpunga, chatwanga kisamvu. Lakini mama mwenye nyumba nzuri huwa na vinu viwili: kikubwa cha nafaka, na kidogo cha pilipili, vitunguu saumu na viungo. Kwa nini? Umbo ni lile lile, na mchi ni ule ule. Ni kwa sababu ukitwanga pilipili leo, kesho unga wa mtoto utawasha. Kinu chaweza kufanya kazi zote mbili, walakini kazi zenyewe hazipatani. Likumbukeni neno hili, tutalirudia.

Na sasa chombo ninachokipenda kuliko vyote: mbuzi. Simsemi mbuzi wa kuchinja. Nasema mbuzi ya kukunia nazi, ile ya ubao iliyo kama kigoda, yenye ulimi wa chuma na meno mbele. Wenzetu wa bara ambao hawajaiona, mwulizeni mtu wa Tanga, au Mombasa, au Unguja. Watu wa nchi nyingine za minazi nao wanazo. Huko Thailand nao waliipa chombo hiki jina la mnyama, ila wao wanaiita sungura.

Mwaweza kusema mbuzi ina kazi moja tu, kukuna nazi. Mtazameni mama akiitumia. Ameikalia. Kwa hiyo mbuzi ni kiti, tena ni kikunio, kazi mbili katika chombo kimoja. Na kazi hizi mbili zasaidiana kwa wakati ule ule. Uzito wa mwili wake waishikilia mbuzi isiteleze, na mikono yake miwili yabaki huru kuishika nazi na kuizungusha. Kama ungeondoa kiti, ulimi usingetulia. Hiki ndicho chombo cha kazi mbili kilichotengenezwa kwa akili.

(Mwalimu wa darasa: simamisha kidogo. Mwanafunzi mmoja aje mbele, ainue sufuria na kutaja kazi zake zote. Ziandikeni ubaoni, mzihesabu.)

Basi, ndugu wasikilizaji, tumekwisha kuona namna mbili za vyombo. Tafadhali andikeni katika daftari zenu.

Namna ya kwanza: Chombo cha umbo moja, kinachofaa kwa kazi nyingi. Mifano yake ni sufuria, kisu, ungo na mwiko.

Namna ya pili: Vyombo vingi vidogo vilivyofungwa pamoja katika mwili mmoja. Mfano wake ni kile kisu changu chenye mpini mwekundu.

Namna ya kwanza, ukijifunza kazi mpya, chombo chako chazidi thamani bila kulipa senti. Namna ya pili, umelipia kazi zote siku ya kununua, uzitumie usizitumie. Tena katika namna ya pili kila kipande kimepunguzwa ili kumpisha mwenzake. Kisu kimefupishwa kiingie katika mpini. Bati la kukwangulia limefanywa dogo kama kiganja cha mtoto. Mpini umenenepeshwa uweze kuvibeba vyote, na mkono hauushiki vizuri. Mshika mbili, moja humponyoka.

Hata hivyo twataka kuwa watu wa haki. Namna ya pili nayo ina mahali pake. Nitawapa mfano wa kweli kutoka Ulaya.

Mwaka 1891 jeshi la nchi ya Uswisi lilianza kuwapa askari wake kisu cha kukunja. Ndani ya mpini mmoja kulikuwa na vitu vinne: kisu, kifungulio cha kopo, bisibisi, na chuma chenye ncha cha kutobolea. Kwa nini vile vinne? Askari alikula chakula cha makopo, kwa hiyo alihitaji kufungua kopo. Bunduki yake ilihitaji bisibisi ili aifungue na kuisafisha. Ngozi na kamba za mizigo zilihitaji kutobolewa. Na kila kitu alichokuwa nacho alikibeba mgongoni, mlimani, kwa miguu. Kwake yeye, kupunguza uzito kulikuwa jambo kubwa kuliko kuwa na kisu kirefu. Visu vya namna ile vyatengenezwa mpaka leo, na watu wa safari wanavipenda.

Je, wewe mama wa nyumbani, wapika ukiwa safarini? Wabeba jiko lako mgongoni? Kisu chako chakaa pale pale, juu ya kabati au katika kikapu, umbali wa mkono mmoja. Kifungulio cha kopo chaweza kukaa kando yake bila kukuongezea uzito wowote. Basi faida aliyoipata yule askari wewe huipati, lakini hasara zake, yaani kisu kifupi na mpini mnene, wazipata zote.

Lakini dereva wa lori aendaye mbali, akilala njiani na kula njiani, kisu cha kukunja kilicho imara chamfaa sana. Mvuvi katika mashua chamfaa. Kijana aliyepanga chumba kimoja mjini, ambaye kitanda, nguo na jiko lake vyote viko ndani ya kuta nne, naye ana sababu ya kutafuta vyombo vichache. Kwa hiyo usiulize tu, “Chombo hiki ni kizuri?” Uliza, “Ni kizuri kwa nani, na mahali gani?”

Sasa tuseme kidogo juu ya mashine za umeme, maana zimeingia katika nyumba nyingi. Mwaka 1950, huko Uingereza, bwana Kenneth Wood alitoa mashine ya jikoni iitwayo Kenwood Chef. Fikra yake ilikuwa hii: mota ya umeme ndiyo ghali, vyuma vya kukandia na kupigia mayai na kusagia nyama si ghali sana. Basi nunua mota moja, kisha uifungie kile unachokitaka kwa kazi ya siku hiyo. Fikra hii ni nzuri. Blenda nyingi tunazoziona leo zinafuata njia hiyo: mota moja chini, na vikombe viwili juu, kikubwa cha maji ya matunda na kidogo cha kusagia viungo vikavu.

Kwa mtu mwenye umeme wa kutegemewa, chombo hiki kina maana. Kitu cha thamani, yaani mota, kinatumika kwa kazi mbili, na vile vikombe huvitumii kwa wakati mmoja. Lakini fikirini mambo mawili. La kwanza, mota ni moyo wa wote. Ikiungua, vikombe vyote viwili vimekufa pamoja. La pili, umeme ukikatika, wageni wako hawatangoja urudi. Kwa hiyo usikiuze kinu chako kidogo kwa sababu umenunua blenda. Kiweke. Hakili kitu, na hakidai kitu.

HESABU

Chukueni kalamu. Tufanye hesabu, kwa kuwa mchuuzi naye anafanya hesabu, na hapana budi nasi tuijue. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Ninyi wekeni bei za soko lenu.

Tuseme chombo chenye kazi sita kinauzwa shilingi 24,000. Kazi zenyewe ni kumenya, kukwangua, kukata yai lililochemshwa, kufungua kopo, kufungua chupa, na kutoboa. Mchuuzi akwambia, “Mama, kazi sita kwa shilingi 24,000, kila kazi ni shilingi 4,000 tu!”

24,000 gawanya kwa 6 ni 4,000. Hesabu yake ni sahihi.

Sasa nenda nyumbani kwako. Makopo hununui, kwa kuwa nyanya wanunua mbichi. Chupa za soda zafunguliwa dukani. Yai lililochemshwa mtoto alikata kwa meno. Kutoboa, hujui utatoboa nini. Zimebaki kazi mbili, kumenya na kukwangua.

24,000 gawanya kwa 2 ni 12,000. Hiyo ndiyo bei ya kila kazi kwako wewe.

Tuseme kisu kizuri ni shilingi 4,000, na bati la kukwangulia ni shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 7,000. Tena kisu hicho si cha kumenya tu. Kitakata na nyama na muhogo.

24,000 toa 7,000 ni 17,000.

Shilingi 17,000! Kama daftari moja la shule ni shilingi 1,000, umepata daftari 17 za watoto. Kama wamo katika upatu, umelipa zamu yako. Hiyo ndiyo pesa iliyokuwa imefichwa ndani ya zile kazi nne usizozitumia. Mchuuzi hakusema uongo. Alihesabu kazi za chombo chake. Wewe hesabu kazi za jiko lako.

KAZI ZISIZOCHANGANYWA KAMWE

Hapa nawaomba mtulie sana, maana sasa siongei juu ya pesa. Naongea juu ya uhai.

Mwakumbuka kinu cha pilipili? Nilisema kuna kazi ambazo hazipatani. Pilipili ikiingia katika uji, mtoto atalia, atakunywa maji, yatakwisha. Lakini yako mengine ambayo hayaishi kwa maji.

Kwanza, kopo, chupa au dumu lililotiwa dawa ya kuulia wadudu shambani, au dawa ya panya, lisiingie jikoni kamwe. Usilitie maji. Usilifanye kata. Usilifanye kipimo cha unga. Usiseme, “Nimelisugua kwa mchanga na sabuni mara tatu.” Sumu haionekani kwa macho, na nyingine huingia ndani ya plastiki yenyewe. Twapenda kutumia kila kitu mara ya pili, nayo ni tabia njema. Lakini hiki kina kazi moja tu, na kazi hiyo ikiisha, nacho kimekwisha. Kitobolewe, kisije kikaokotwa na mtu mwingine, kisha kitupwe mbali na maji na watoto, kama maagizo ya bwana shamba yalivyo. Pia usitie mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto aijua chupa ya soda kwa umbo lake. Hawezi kujua kwamba wewe umeibadilisha kazi.

Pili, panga lililotoka kukata majani yaliyopigiwa dawa, au bomba na ndoo ya kupigia dawa, visikaribie chakula.

Tatu, kisu na kibao. Kisu kimoja chaweza kukata kuku mbichi na kuikata kachumbari. Kwa kazi zote mbili makali yake yatosha. Lakini kuku mbichi ana vijidudu viletavyo maradhi ya tumbo. Kuku atapikwa, vijidudu vitakufa motoni. Kachumbari haipikwi. Basi ukikata kuku kwanza, kisha nyanya kwa kisu kile kile bila kukiosha, umevihamisha vijidudu kutoka kwa kuku mpaka mdomoni kwa mwanao. Dawa yake ni rahisi: kata kachumbari kwanza, uiweke kando na kuifunika, kuku awe wa mwisho; kisha osha kisu, kibao na mikono kwa sabuni na maji ya moto. Mwenye uwezo na awe na vibao viwili. Ubao si ghali, hospitali ni ghali.

Mnaona sasa kwa nini vyombo vyenye mikunjo na matundu mengi vinanitia wasiwasi. Mabaki ya nyama huingia katika mkunjo ambako kidole wala kitambaa hakifiki. Kisu cha kawaida wakiosha mara moja, ukakipangusa, ukakiona chote.

MASWALI MATANO YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Sasa tukusanye yote tuliyojifunza. Siku utakapoona chombo chenye kazi nyingi, weka mkono juu ya mfuko wako, ujiulize maswali haya matano. Yaandikeni, mwalimu atayasoma polepole.

1. Kazi hizi zote ninazo nyumbani kwangu? Hesabu zile tu unazozifanya kila wiki.

2. Ile kazi kuu, chaifanya vizuri? Omba kukijaribu kwa muhogo au kiazi kigumu, usikubali kujaribu kwa tango.

3. Kazi mbili zikija pamoja, itakuwaje? Kama binti amenya na mama akwangua kwa wakati mmoja, chombo kimoja kitawagombanisha.

4. Kipande kimoja kikivunjika, vingine vitapona? Na fundi wa mtaani kwetu aweza kukitengeneza? Kisu kikiwa butu chanolewa kwa jiwe. Mpini wa mti ukivunjika wachongwa mwingine. Mpini wa plastiki ukipasuka, ndiyo kwaheri.

5. Naweza kukiosha mahali pote?

Ukijibu “ndiyo” kwa yote matano, nunua bila hofu. Ukijibu “la” kwa moja, fikiri tena. Ukijibu “la” kwa mawili au zaidi, mshukuru mchuuzi kwa heshima, endelea na safari yako. Naye ni mtu anayetafuta riziki. Hatukumtukana, tumekataa tu kununua.

Mimi nilipomaliza kujifunza haya, nilirudi sokoni. Safari hii nilinunua kisu kimoja cha chuma kizuri, chenye mpini wa mti uliopigwa misumari mitatu. Mpaka leo kipo. Mama watoto akikata muhogo hukitazama kisu, kisha hunitazama mimi, hucheka.

ZOEZI LA KUSOMA

Mwanafunzi mmoja asome mstari mmoja, wengine wafuate.

Kisu kikali chakata muhogo.
Kisu butu chakata kidole.
Mama ana vinu viwili, kikubwa na kidogo.
Kopo la dawa halina kazi jikoni.
Mchuuzi ahesabu kazi za chombo chake.
Nami nahesabu kazi za jiko langu.

MANENO YA SOMO

Mpini: mahali pa kushikia kisu, jembe au panga.
Butu: kisichokuwa na makali.
Ubapa: upande mpana wa kisu, usiokata.
Kukwangua: kusugua kitu juu ya matundu makali mpaka kiwe vipande vidogo.
Mchuuzi: mtu auzaye vitu kidogo kidogo, sokoni au njiani.
Mwiko: neno hili lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kile kijiti kipana cha kusongea ugali. Maana ya pili ni jambo lililokatazwa. Tunga sentensi moja kwa kila maana.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Taja chombo kimoja cha nyumbani kwako chenye kazi zaidi ya tatu. Kazi hizo ni zipi?
2. Kwa nini mbuzi ya nazi ni kiti tena?
3. Kwa nini kisu cha kukunja kilimfaa askari wa Uswisi? Katika darasa letu, nani chaweza kumfaa?
4. Chombo cha kazi tano chauzwa shilingi 20,000. Wewe watumia kazi mbili tu. Kila kazi imekugharimu shilingi ngapi?
5. Leo ukifika nyumbani, tazama makopo na madumu yote. Je, liko lililowahi kutiwa dawa? Utalifanya nini?

Ndugu wasikilizaji, swali hilo la tano halijibiwi darasani. Hujibiwa nyumbani, leo, kabla ya kulala. Juma lijalo mwalimu wenu atawauliza mmekuta nini, na asiyetazama asione haya kusema. Atazame siku ile.

Muda wetu umekwisha.  Zimeni redio, mwendelee na mazungumzo.